Vaa, Vua, Zaa, Zua

Aziza mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo siku ya safari, kwa hiyo hapa siziweki. Karatasi ni chache na mkono wangu hauna mbio. Watu wengine wanaandika barua ya kuaga usiku wa mwisho. Mimi usiku herufi zinaniogelea kama funza kwenye maji, basi nimeanza tangu Jumatatu, kila ukitoka kwenda kuaga rafiki zako. Naandika juu ya ndoo niliyoipindua, hapa uani. Ukirudi naificha chini ya beseni la matumbo, maana najua huligusi. Ukisikia karatasi inanuka, sababu umeshaijua.

Sikwenda shule hata siku moja. Herufi umenifundisha wewe, ulipokuwa darasa la nne, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko. Kwa hiyo makosa yote utakayoyakuta humu ni ya mwalimu.

Sitakuambia ule, usali, uangalie simu yako isiibiwe. Una miaka ishirini. Kama hayo hujayajua, barua haitakusaidia. Nataka kukuambia habari ya yale maneno yako ya ukutani.

Tangu ile ofisi ya kutoa mizigo forodhani Kobero, kule mpakani na Tanzania, ikuambie itakupima Kiingereza, ulibandika karatasi juu ya kitanda chetu kwa gundi ya unga wa muhogo, na mi nikawa naamshwa na kelele zako ukiyakariri. Unload. Unseal. Discharge. Disinfect. Nilikuwa nayachukia. Yalinisikikia kama mtu anayetapika. Siku ile nikakuuliza:

"We Aziza, hawa Waingereza wanakohoa nini kila mwanzo wa neno?"

Ukacheka. "Hawakohoi, bibi. Hiyo dis, hiyo an, ni kutoa. Ni kugeuza kitu kirudi nyuma. Load ni kupakia. Unload ni kupakua."

"Sasa si iko kama yetu? Pakia, pakua."

"Eh! Kweli, bibi. Sisi tunageuzia mkiani, wao wanageuzia kichwani."

Hapo nikapenda. Tukaanza mchezo, wewe unatoa la Kiingereza, mi natafuta letu. Funga, fungua. Ziba, zibua. Anika, anua. Fukia, fukua. Mi nisiyesoma nikakushinda mara tatu, ukasema ofisi ingeniajiri mimi. Nikasema vaa, vua. Ukasema dress, undress. Halafu kwa utani wako ukanitega: "Haya bibi, vaa, vua. Na zaa?"

Ulimi ulikuwa umeshashika mwendo. Nikajibu: "Zua."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Bibi! Zua si kinyume cha zaa. Kuzua ni kutunga uongo!"

Mi sikucheka, sijui kama uliona. Nikakuonyesha neno la mwisho, lile la chini kabisa kwenye karatasi, ili tu unyamaze. "Na hili?"

"Disown. Own ni kuwa na kitu, kiwe chako. Disown ni kukifanya kisiwe chako tena. Kama vile mzazi anamkana mtoto wake."

Ulilisema kama unasoma bei ya nyanya. Nikatoka, nikaosha beseni ambalo lilikuwa safi. Ukanifuata, ukaniuliza kama naumwa. Nikasema ni harufu tu. Haukuwa uongo, lakini nilijua mwenyewe harufu ya nini.

Sasa sikiliza, na usikimbilie mwisho wa barua kama unavyokimbilia mwisho wa kila kitu.

Najua kwa nini umechagua Kobero. Kazi ungepata hata hapa Gitega. Ile picha ndogo ya mama yako, ya kadi, umeitoa kwenye Kurani yangu ukaiweka ndani ya kitambulisho chako. Unafikiri sikuona? Unataka kusimama pale malori yanapopanga foleni, uwaonyeshe madereva wa Tanzania mmoja mmoja: mnamjua huyu, aliondoka na mwenzenu mmoja, ni zamani. Maana hivyo ndivyo ulivyokua unaambiwa. Mama yako Mariamu alipanda lori Kobero akaenda na dereva, akakuacha na miezi minane. Mtaa wetu mzima wa Nyamugari unajua hivyo. Shuleni walikuita mtoto wa lori, ukarudi umepasuka mdomo kwa kupigana, na mi nikakukanda kwa maji ya moto na kuwatukana mama zao.

Hakukuwa na lori, Aziza. Hakukuwa na dereva. Usimwonyeshe mtu yeyote hiyo picha. Mama yako yuko Muyinga mjini, na basi lako litapita karibu na mlango wake.

Pumzika kidogo. Mi pia nimepumzika hapa. Nilinyanyuka, nikatema mate, nikarudi.

Mariamu aliolewa Giheta, kwa watu wa mashamba, watu wanaojua kuhesabu watoto kabla hawajazaliwa. Siku ya uchungu mama mkwe wake alisema binti azalie nyumbani. Na mi nilikuwepo. Hilo hukuambiwa. Niliitwa nikaenda, nikaona anavyohangaika, na mumewe mwenyewe, yule baba yako asiye na maana, ndiye aliyesema labda tumpeleke hospitali. Mi nikamkatiza. Nikasema: "Mi nilizaa watano kwenye mkeka, na hakuna aliyenishonea kitu." Nilisema kwa majivuno, mikono kiunoni. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Ya tatu wakambeba kwa baiskeli mpaka kwenye gari, na gari mpaka hospitali. Ulitoka hai, watu wakashangaa. Yeye alitoka ametoboka ndani, njia ya mkojo imepasuka. Mkojo ukawa unamtoka bila kuuita, mchana na usiku, akikaa, akisimama, akikunyonyesha.

Baada ya wiki chache mumewe akamrudisha kwangu, na wewe mgongoni. Hata hakuingia ndani. Alisema mlangoni, "Mama, chukua mtu wako," akaondoka akifuta viatu kwenye majani.

Sasa fikiria mwanangu mi ni nani. Mi naosha matumbo ya ng'ombe. Nimeanza kabla mama yako hajajua kutembea. Machinjioni wananimwagia utumbo ukiwa bado na joto, na majani ya kijani ambayo ng'ombe hakumaliza kuyatafuna, na minyoo mingine bado inacheza. Naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kuna tumbo moja tunaliita kitabu, kwa sababu ndani lina kurasa kurasa, na kila ukurasa una mavi yake. Lazima ufunue mmoja mmoja ukwangue. Hicho ndicho kitabu nilichokisoma maisha yangu yote. Nimetumia majivu, ndimu, chumvi, sabuni ya unga. Harufu haitoki. Msikitini wanawake wanaacha nafasi kila upande wangu, na mi nanyoosha miguu, nafurahi.

Mtu kama huyo, Aziza, niliona kinyaa mkojo wa binti yangu.

Nilimlaza jikoni juu ya magunia. Nilimtengea sahani yake na kikombe chake. Vitambaa vyake alifulia nyuma ya choo kabla watu hawajaamka. Nikipita karibu naye nilikuwa navuta kitenge juu ya pua, hivi, kwa vidole viwili. Kila nikikumbuka vile vidole viwili nataka kuvikata. Yeye aliona kila mara. Alikuwa anajaribu kunywa maji kidogo ili asilowe, midomo ikawa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na maziwa yako yakapungua. Mi nikasema ni mvivu hata wa kunyonyesha.

Miezi ikaenda hivyo. Siku ya soko, wateja walikuwa wamekaa hapa uani kwenye benchi, wanakula matumbo na ndizi. Mariamu akapita amekubeba, anakwenda kuchota maji. Nyuma ya nguo yake kulikuwa na mstari wa maji mpaka kwenye kisigino. Mwanamke mmoja wa jirani, unamjua, yule wa karanga, akaacha kutafuna. Akasema:

"Mama Mariamu, hapa kuna nini kinanuka?"

Hapo ndipo palikuwa pangu. Beseni lilikuwa mbele yangu, limejaa, nzi juu yake. Ningesema ni matumbo, nani angebisha? Harufu yote ya Gitega ilikuwa yangu siku ile, nilikuwa nayo ya kumgawia. Neno moja tu, na mwanangu angepita akachota maji yake.

Nikavuta kitenge juu ya pua. Nikasema: "Ni huyu. Huyu si wangu tena. Na nyinyi msiniite tena Mama Mariamu. Mi nina mtoto wa kiume, niiteni Mama Saidi."

Wakacheka kidogo, vile watu wanacheka wakiona aibu kwa ajili ya mwingine. Halafu wakaendelea kula.

Wewe umekua unasikia naitwa Mama Saidi, ukaona ni kawaida. Hukujiuliza kwa nini mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wa pili, wakati wa kwanza ni msichana mzima. Watu ambao hawakuwepo kwenye benchi siku ile wanafikiri nilivua lile jina kwa sababu ya lori. Nililivua kwanza. Lori nililitafuta baadaye, la kunifunika.

Mama yako hakulia. Aliweka ndoo chini taratibu, akaja, akakutoa mgongoni, akakuweka mapajani kwangu, mbele ya wateja wote.

"Mshike basi," akasema. "Huyu hanuki."

Akaondoka na nguo aliyovaa. Alikwenda kwa mdogo wangu Halima, Muyinga. Kwa miguu mpaka wapi, na nani alikubali kumpandisha gari, sijui. Sikuuliza, na mpaka leo sijapata haki ya kuuliza.

Wiki ile wakaanza kunihoji. Mariamu yuko wapi? Mwenye kumfukuza mgonjwa anaonekana mbaya, lakini mwenye binti aliyekimbia na mwanamume anaonewa huruma. Basi nikatunga. Nikasema dereva wa lori, Mtanzania, mrefu. Hata kofia nilimvalisha. Kadiri walivyouliza ndivyo nilivyoongeza. Waliniletea unga na sukari kwa kunipa pole, na nikala. Ladha yake iko mdomoni mpaka leo, sukari ile. Inanitia kichefuchefu kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka tumboni mwa ng'ombe.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo lililonichelewesha tangu Jumatano.

Ulipokuwa darasa la kwanza, Halima alisikia redioni kwamba ugonjwa ule unashonwa, unapona. Na wanaoushona wako wapi? Hapa hapa Gitega. Alimleta mama yako. Alilala hospitali wiki tatu, mahali ambapo mi ningefika kwa miguu kabla chai haijapoa. Akashonwa, akapona, akakauka. Wiki tatu, Aziza. Wewe ulikuwa unapita barabara ile ya hospitali na begi lako la shule. Halima aliniletea habari mwenyewe, akasimama pale mlangoni, akasema, "Dada, mwanao amelazwa hapo juu, anauliza mtoto."

Nikamjibu: "Mtoto ameshamzoea mtu mwingine."

Wakati ule hakukuwa na harufu tena ya kusingizia. Alikuwa ameshapona. Nilichokuwa nimebaki nacho ni ule uongo, na niliupenda kuliko yeye, kwa sababu ulikuwa unanisitiri. Unaona wapi ubaya unakaa? Ule mkojo ulioshwa kwa maji, kwisha. Mi nimejikwangua ukurasa kwa ukurasa na bado natoka kijani.

Halima tulimzika Muyinga miaka mitatu iliyopita. Nilikuambia ubaki nyumbani kwa sababu ya mtihani. Mtihani ulikuwa umekwisha siku mbili kabla; ulinitazama, ukadhani nimesahau. Mazishini nilijificha nyuma ya wanawake, mama yako asinione, na matanga yalipokwisha nikauliza njia ya kwake. Nyuma ya soko kuna mstari wa mafundi nguo, mlango wa kijani, wa tatu kutoka kwenye kinu cha muhogo. Alikuwa ameinama kwenye cherehani. Akasema "Karibu mama," kama anavyomwambia mteja, halafu akainua kichwa.

Yeye akanusa kidogo.

"Mama, unanuka matumbo."

"Najua."

"Kaa hapa."

Akanyanyuka, akanipa kiti chake, kile chenye mto, katikati ya nguo za watu. Hakuvuta kitambaa. Hakusogea. Nilikaa kwenye kiti hicho nikaona heri angenitemea.

"Amekua?" akauliza.

"Amenizidi kimo."

"Anasoma?"

"Anasoma mpaka Kiingereza."

Akatabasamu, akageuka akakata uzi. Kisha akasema akiwa amenipa mgongo: "Anajua kama mi niko?"

Nikaangalia viatu vyangu. Akaelewa.

"Mlete, mama. Mara moja tu. Kama hataki kukaa, aende."

"Nitamleta," nikasema.

Miaka mitatu. Kila ukitaja Muyinga mi naumwa kichwa. Nilikuwa naogopa nini? Niliogopa pua yako. Niliona nikikuambia, utavuta kitambaa, kwa vidole viwili, na safari hii harufu itakuwa mimi. Na nani atabaki kunifundisha herufi? Nilitaka hata hilo nilipate kwako, mzee mzima, mwenye tamaa.

Halafu ukaja na kazi ya Kobero. Nikafurahi kwa mdomo. Moyoni nikasema: Mungu amechoka kunisubiri.

Sikuombi unisamehe. Usiharakishe jambo hilo kunifurahisha, maana mi napenda kufurahishwa na nitalipokea hata kama ni la uongo. Ukiniona kinyaa, nione. Ila nakuomba jambo moja, wewe ambaye umesoma. Siku moja mtu wako, mumeo au mtoto wako au rafiki yako, atanuka. Kila mtu ananuka siku moja, kwa ugonjwa au kwa aibu au kwa uzee. Watu watakutazama na kuuliza kuna nini. Siku hiyo sema ni wewe.

Nimefikiria sana lile neno lako. Nimetafuta letu la kulilinganisha, kama tulivyocheza. Funga ina fungua. Fukia ina fukua. Kuzaa hakuna kugeuzwa, si mkiani wala kichwani. Waingereza wanasema kwa mdomo tu, na mi nilisema kwa mdomo tu. Mtoto alibaki wangu kwenye ile barabara ya Muyinga, akiwa amelowa, kila hatua. Wewe ulicheka, ukaniambia zua si kinyume cha zaa. Kwa Kiswahili cha shule umesema kweli. Lakini kwangu ilikuwa hivyo hasa. Nilizaa, halafu nikazua.

Mwanzoni nilipanga kuichomeka barua hii ndani ya begi lako, chini, uikute ukishafika. Nilikuwa nimeshafungua na zipu. Nikaona vidole vyangu, viwili vile vile, vinashika karatasi. Nikaitoa. Hapana. Kesho ukishakunywa chai nitakupa mkononi, na utaisoma hapa mbele yangu kabla gari haijaja. Nitakaa kwenye benchi. Sitafunika uso. Ukitaka kupiga kelele, majirani wasikie, wao pia nilikula sukari yao.

Kwenye begi nimekuwekea kitu kingine. Ni kitabu, tumbo lile, kimechemshwa na chumvi, kimekaushwa juu ya moto, nimekizungushia majani ya ndizi mara tatu, na bado kinanuka, usinilaumu. Mama yako akiwa mdogo alikuwa hali nyama nyingine. Alikuwa anakaa hapo kwenye jiwe, anafunua kurasa, anajifanya anasoma. Nimekiosha jana mchana kutwa, ukurasa kwa ukurasa. Shuka Muyinga. Kobero itakusubiri siku moja. Mlango wa kijani, wa tatu kutoka kwenye kinu. Mpe. Akikataa, usimbembeleze kwa niaba yangu, kula wewe.

Akiuliza kimetoka kwa nani, msomee tu jina hapa chini. Nimeliandika polepole, sijawahi kuliandika, na tangu siku ile sikujiita hivyo.

Mama Mariamu